Horace Mann: Wakili aliyetaka shule ya mtoto wa jirani ilipiwe na wote

Nani anapaswa kulipia shule ya mtoto asiye wako? Na akishalipa, ana haki ya kusema mtoto huyo afundishwe nini, na nani, kwa fimbo au bila fimbo? Kila tunapoigusa mada ya elimu kipindini, maswali haya hurudi na simu hazikatiki. Wapo wanaosema serikali ibebe mzigo wote. Wapo wanaosema serikali ikae mbali na watoto wao. Na wapo wanaowalaumu walimu kabla ya kuuliza walimu hao waliandaliwa vipi.

Mabishano haya si mapya. Karibu miaka 190 iliyopita yalilitikisa jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani, na katikati yake alisimama wakili mmoja mwembamba mwenye afya ya mashaka. Jina lake Horace Mann. Wamarekani wengi humwita baba wa shule za umma, na shule nyingi nchini humo zinabeba jina lake. Katika makala haya tunaangalia alikotoka, alichokipigania, waliompinga na sababu zao, na jambo moja kubwa ambalo aliamua kulinyamazia.

Wiki kumi za shule kwa mwaka

Horace Mann alizaliwa tarehe 4 Mei 1796 katika mji mdogo wa Franklin, Massachusetts, kwenye familia ya wakulima wasio na fedha za ziada. Mtoto alikuwa na kazi zake shambani, na jioni nyumba nzima ilikaa kusuka mabua ya kutengenezea kofia, kama kina mama wa pwani yetu wanavyosuka ukili. Fedha ya mabua hayo ndiyo iliyonunua vitabu vyake vya shule. Shule yenyewe ilifunguliwa kwa wiki chache tu za mwaka. Hadi alipokuwa kijana wa miaka 15 hivi, Mann hakuwahi kukaa darasani zaidi ya wiki kumi katika mwaka mmoja.

Kilichomwokoa ni maktaba. Mji wa Franklin ulipewa jina la Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani. Wakazi walipomwomba awasaidie kengele ya kanisa, yeye aliwatumia vitabu, vyote 116. Vitabu hivyo vilifunguliwa kwa wakazi wote, na mtoto wa shamba akavisoma. Mapema kabisa maishani aliona kwamba kitu kinachomilikiwa na mji mzima kinaweza kumfikia mtoto ambaye baba yake asingeweza kukinunua.

Jambo la pili lililomtengeneza lilikuwa la uchungu. Baba yake alifariki mwaka 1809. Mwaka uliofuata kaka yake, Stephen, alizama maji akafa. Mchungaji wa mji, Nathanael Emmons, mhubiri wa mafundisho makali ya Calvin, aliitumia nafasi ya msiba kuwaonya vijana juu ya hatari ya kufa bila kuokoka. Mama mtu alikuwa amekaa pale pale kanisani, akilia. Horace, mwenye miaka 14, hakuyasahau. Aliiacha imani ile na baadaye akajiunga na Waunitari, waliohubiri Mungu wa huruma. Tunalitaja hili kwa sababu litarudi mbele, pale swali la dini shuleni litakapofika mezani.

Mwaka 1816 aliingia Chuo Kikuu cha Brown, mjini Providence, baada ya miezi michache tu ya kufundishwa na mwalimu wa kuhamahama. Alianza moja kwa moja mwaka wa pili, na mwaka 1819 akahitimu akiwa wa kwanza darasani. Akasoma sheria, akawa wakili mwaka 1823, na mwaka 1827 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo.

Mwanasiasa aliyefiwa

Bungeni alipata jina kwa kazi ambayo wanasiasa wengi wangeikwepa. Wakati ule watu wenye maradhi ya akili walifungwa jela au kuwekwa kwenye mabanda yenye baridi. Mann aliongoza juhudi za kujenga hospitali ya jimbo kwa ajili yao, na hospitali hiyo ikafunguliwa Worcester mwaka 1833. Hiyo ndiyo iliyokuwa siasa yake: kwamba serikali si askari na mahakama tu, bali ina wajibu wa kumtengeneza binadamu aliyeachwa nyuma.

Katikati ya kazi hiyo alifiwa. Mke wake Charlotte, binti wa aliyekuwa mkuu wa chuo cha Brown, alifariki tarehe 1 Agosti 1832, hawajatimiza miaka miwili ya ndoa. Juu ya hilo, biashara ya ndugu yake ilianguka na Mann, aliyekuwa mdhamini, akabaki na madeni. Kwa muda alilala ofisini ili kuyalipa. Marafiki walimsukuma arudi kwenye siasa, na kufikia 1836 alikuwa spika wa Seneti ya Massachusetts. Njia ya ugavana ilionekana iko wazi mbele yake.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililowashangaza wengi. Mwezi Aprili 1837, Gavana Edward Everett alitia saini sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya jimbo. Wengi walidhani ukatibu wa bodi ungeenda kwa James Carter, mbunge aliyeupigania muswada huo kwa miaka. Lakini mfanyabiashara Edmund Dwight, aliyekuwa mjumbe wa bodi, alimtaka Mann. Mann akakubali. Aliacha uwakili na kiti cha Seneti, akachukua kazi hiyo.

Ofisi isiyo na meno

Bodi hiyo haikuwa na nguvu ya kuamuru. Haikuweza kumfukuza mwalimu, kupandisha kodi wala kufunga shule mbovu. Kazi ya katibu ilikuwa kukusanya taarifa na kuandika ripoti kila mwaka. Basi Mann akapanda farasi, akazunguka jimbo zima.

Alichokiona kinahitaji maelezo kidogo. Massachusetts ilikuwa na karibu shule 3,000 za umma, na kwenye karatasi ilikuwa mbele ya majimbo mengi. Lakini kila mtaa ulijiendeshea shule yake. Wakazi walikutana, wakaamua watoe kiasi gani, na mara nyingi aliyeajiriwa ni mwalimu aliyekubali malipo madogo kuliko wenzake. Sehemu nyingi mwalimu hakuwa hata na nyumba. Alilala kwa zamu kwa wazazi wa wanafunzi. Majengo yalivuja na kutobana upepo. Watoto wa umri wote walikaa chumba kimoja, kila mmoja na kitabu alichokuta nyumbani kwao.

Na wenye uwezo? Walikwishaondoka. Watoto wao walikuwa kwenye shule za kulipia. Mann aliliona hili kuwa ndiyo shina la ugonjwa. Mtu ambaye mwanawe hasomi shule ya umma hana haraka ya kuitengeneza, na huyo huyo ndiye mwenye sauti kwenye mkutano wa kodi. Shule ikizidi kuwa mbovu, wengine wanaondoka. Wakiondoka, inazidi kuwa mbovu. Hoja hii tunaisikia hadi leo, na si Marekani peke yake.

Dawa yake ilikuwa shule moja kwa wote: inayolipiwa na kodi, isiyo ya dhehebu lolote, yenye mwalimu aliyesomea kazi yake, na nzuri kiasi kwamba hata tajiri aone hasara kumpeleka mwanawe kwingine.

Hoja tatu kwa watu watatu

Mann aliandika ripoti 12, moja kila mwaka, na tangu 1838 alichapisha jarida la walimu. Ukizisoma kwa mfululizo unaona mwanasiasa anayejua kwamba kila msikilizaji ana mlango wake.

Kwa wenye viwanda alizungumza lugha ya faida. Katika ripoti yake ya tano alikusanya maelezo ya waajiri, akajenga hoja kwamba mfanyakazi aliyesoma huzalisha zaidi na huharibu kidogo. Kwa wenye mashamba na nyumba waliolalamikia kodi, alikuja na hoja nzito zaidi kwenye ripoti ya kumi: mali uliyo nayo hukuiumba wewe. Imetokana na ardhi, na kazi ya vizazi vilivyotangulia, na wewe ni mlinzi wake kwa muda tu. Mtoto anayezaliwa leo ana haki katika urithi huo, na sehemu yake ya kwanza ni elimu. Kwa hiyo, kwa maoni yake, anayekataa kulipia shule ya mtoto wa jirani anazuia haki ya mwenye mali.

Kwa wafanyakazi na maskini, ripoti ya mwisho, ya mwaka 1848, ilileta ahadi kubwa kuliko zote: kwamba elimu ndiyo itakayopunguza pengo kati ya mwenye nacho na asiye nacho, bila kumnyang'anya mtu.

Ahadi hiyo ina mvuto, na ina shida yake. Wanahistoria kadhaa, hasa kuanzia miaka ya 1960, wamemkosoa Mann wakisema shule iliwafaa wenye viwanda kuliko wafanyakazi: ilileta vijana wenye nidhamu ya kengele na saa, huku suala la mishahara na umiliki likiachwa kando. Tunadhani ukosoaji huo una ukweli ndani yake. Lakini ni vizuri pia kukumbuka upande wa pili wakati ule ulikuwa nini: mtoto kuingia kiwandani bila kujua kusoma hata saini ya mwajiri wake.

Walimu watengenezwe wapi?

Jambo ambalo Mann aliliweka mbele kuliko majengo ni mwalimu. Marekani haikuwa na chuo cha umma cha ualimu. Iliaminika kwamba yeyote aliyesoma anaweza kufundisha. Dwight, yule mfanyabiashara, alitoa dola 10,000 kwa masharti kwamba jimbo nalo litoe kiasi hicho hicho. Jimbo likatoa. Tarehe 3 Julai 1839, chuo cha kwanza cha ualimu cha jimbo kikafunguliwa mjini Lexington, chini ya Cyrus Peirce. Siku ya kwanza walifika wasichana watatu. Chuo cha Barre kilifuata mwaka huo huo, na cha Bridgewater mwaka 1840.

Hapa pana jambo la kuwekwa wazi. Mann aliwasifu sana wanawake kuwa walimu bora wa watoto, na chini yake milango ya kazi hiyo ilifunguka kwao kuliko zamani. Hata hivyo mitaa iliwapenda kwa sababu nyingine pia: walilipwa kidogo kuliko wanaume. Mageuzi ya elimu yalijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mishahara hiyo midogo.

Wasichana wale walikuwa hawajamaliza hata mwaka, na tayari chuo chao kilitaka kufungwa. Mwanzoni mwa 1840 serikali mpya ya Gavana Marcus Morton, wa chama cha Democratic, iliingia kwa ahadi ya kubana matumizi. Kamati ya bunge ikapendekeza Bodi ya Elimu na vyuo vya ualimu vifutwe.

Wapinzani hawakuwa wajinga, na hoja zao zinafaa kusikilizwa. Walisema bodi ni mfumo wa kifalme ulioigwa kutoka Prussia na Ufaransa, na kwamba leo ikikusanya taarifa, kesho itaamuru. Mwandishi Orestes Brownson, ambaye mwenyewe alikuwa mtetezi mkali wa wafanyakazi, alikwishaonya kwamba bodi ya watu wachache wa tabaka moja itawafundisha watoto wa wote mawazo ya tabaka hilo. Nani achague vitabu? Nani amchague anayechagua? Kwa Brownson, shule ilikuwa salama zaidi mikononi mwa mtaa, hata kama paa linavuja.

Kura ilipigwa. Waliotaka bodi ifutwe walikuwa 182, na waliotaka ibaki 245. Kama wabunge 32 tu wangehamia upande wa pili, makala haya yasingekuwepo.

Fungate na fimbo

Tarehe 1 Mei 1843 Mann alifunga ndoa ya pili na Mary Peabody, mwalimu na mwandishi. Siku hiyo hiyo wakapanda meli kwenda Ulaya pamoja na rafiki yao Samuel Gridley Howe, mwalimu maarufu wa wasioona, na mkewe Julia. Fungate ya akina Mann ilikuwa ziara ya kikazi. Walikagua shule, jela na hospitali za Uingereza, Uskoti, nchi za Ujerumani, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa.

Kilichomgusa zaidi ni madarasa ya Prussia. Aliwaona walimu wakifundisha wamesimama, bila kushika kitabu, wakiuliza na kueleza, na watoto wakijibu kwa hamu. Hakuona mtoto akichapwa. Aliandika hayo kwenye ripoti yake ya saba. Alijua vizuri kwamba Prussia ilikuwa na mfalme asiyependa kuulizwa maswali, na alisema kwamba mbinu nzuri inaweza kutumiwa na nchi huru kwa malengo huru.

Ripoti hiyo ilitua Boston kama moto kwenye nyasi kavu. Walimu 31 wa shule za jiji waliisoma kama tusi kwao. Mwaka 1844 wakatoa kitabu kizima kumjibu. Walitetea mbinu zao, na zaidi ya yote walitetea fimbo: bila mamlaka, walisema, hakuna darasa, na bwana huyu hajawahi kuwa na darasa la watoto sitini. Mann akajibu kwa kitabu kirefu zaidi. Wakajibu. Akajibu tena. Hakuwa mtu wa kuacha neno la mwisho kwa mwingine, na hata marafiki zake walichoka.

Kilichofuata ndicho kinachotugusa sisi wa leo. Howe na wenzake waligombea na kuingia kwenye kamati ya shule za Boston. Mwaka 1845 waliingia madarasani na karatasi za maswali yaliyochapishwa, yale yale kwa kila shule, na kuwataka wanafunzi wajibu kwa maandishi. Kabla ya hapo mitihani ilikuwa ya mdomo, mbele ya wageni, na mwalimu aliweza kumwinua mtoto anayejua. Matokeo ya maandishi yalikuwa mabaya. Yalionyesha watoto wanaokariri bila kuelewa. Baadhi ya walimu wakuu waliondolewa.

Hivyo mtihani mmoja wa maandishi kwa shule nyingi uliingia Marekani ukiwa silaha ya kisiasa. Ulisaidia kufichua uzembe wa kweli. Pia ulianzisha desturi ya kumpima mwalimu kwa namba za wanafunzi wake, desturi ambayo inawagawa wazazi, walimu na wanasiasa mpaka leo. Wote wawili, mtetezi na mpinzani wa mitihani, wanaweza kumkuta Mann kwenye historia yao.

Biblia ya nani?

Shule inayolipiwa na wote haiwezi kuwa ya dhehebu moja. Hilo kwa Mann lilikuwa wazi, na tunajua lilianzia wapi: kwenye mazishi ya kaka yake. Aliruhusu Biblia isomwe shuleni bila mwalimu kuifafanua, kila mtoto apate ufafanuzi kwao.

Kwa wahubiri wakali hiyo ilikuwa dini iliyotolewa mifupa. Walisema ni Uunitari ulioingizwa kwa mlango wa nyuma. Kwa Wakatoliki, ambao walikuwa wakiongezeka haraka kutokana na wahamiaji wa Ireland, Biblia iliyosomwa ilikuwa tafsiri ya Waprotestanti, na kuisoma bila maelezo ya kanisa lenyewe kulikuwa ni Uprotestanti. Mann aliamini ameweka uwanja ulio sawa. Wengine waliona uwanja umeinama. Wakatoliki wengi wakaamua kujenga shule zao, na mgogoro wa kodi kwa shule za dini ukazaliwa.

Alilolinyamazia

Sasa tunafika kwenye sehemu ngumu ya maisha haya.

Wakati Mann akihubiri shule moja kwa wote, jiji la Boston liliwatenga watoto weusi kwenye shule zao. Kubwa ilikuwa Smith School, jengo lililobanana, lenye vifaa hafifu. Katika miaka ya 1840 wazazi weusi, wakiongozwa na watu kama William Cooper Nell, waliandika maombi baada ya maombi wakitaka watoto wao wapokelewe kwenye shule za mitaa yao. Katibu wa Bodi ya Elimu hakusimama hadharani upande wao. Mwanaharakati Wendell Phillips alimshambulia waziwazi kwa ukimya huo.

Haikuwa kwamba Mann aliwadharau watu weusi. Mwaka 1847 mwanafunzi mweusi, Chloe Lee, alipokubaliwa katika chuo cha ualimu cha West Newton na kukosa nyumba ya kupanga, akina Mann walimpokea nyumbani kwao. Alikuwa tayari kuwavumilia majirani wanaonong'ona. Hakuwa tayari kuiweka bodi hatarini. Hesabu yake ilikuwa ya mwanasiasa: bodi iliponea chupuchupu mwaka 1840, maadui wapo, na vita moja zaidi ingeizamisha shule ya wote. Alichagua kuilinda taasisi.

Gharama ya hesabu hiyo haikulipwa na yeye. Mtoto mmoja, Sarah Roberts, alipita mbele ya shule tano za watoto weupe kwenda Smith School. Baba yake, Benjamin Roberts, alifungua kesi. Walimtetea Charles Sumner na Robert Morris, mmoja wa mawakili weusi wa kwanza nchini humo. Mwaka 1850 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba jiji lina haki ya kuwatenga. Massachusetts ilikuja kupiga marufuku utengano huo kwa sheria mwaka 1855, lakini hukumu ile haikufa. Mwaka 1896, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitaja ilipohalalisha ubaguzi katika kesi ya Plessy, na utengano wa shule ukaendelea kisheria hadi 1954.

Je, angepaza sauti, ingebadilika? Bodi ingeweza kufa kweli. Lakini mageuzi yanayosema kila mtoto, kisha yakawaacha wachache wasubiri, huwafundisha wanaokuja baada yake kuwa kusubirisha kunawezekana.

Washington, kisha Ohio

Mwaka 1848 rais wa zamani John Quincy Adams alifariki akiwa mbunge, na Mann akachaguliwa kuchukua kiti chake katika Baraza la Wawakilishi. Hapo ulimi ulifunguka. Mwaka huo huo aliwatetea mahakamani Drayton na Sayres, manahodha walioshtakiwa kwa kujaribu kuwatorosha zaidi ya watumwa 70 kutoka Washington kwa meli iitwayo Pearl. Mwaka 1850 Seneta Daniel Webster, mtu mkubwa wa Massachusetts, alipounga mkono mapatano yaliyoleta sheria ya kuwakamata watumwa waliotoroka, Mann alimpinga vikali. Chama chake cha Whig kilimnyima uteuzi. Akagombea bila chama hicho, akashinda.

Mwaka 1852 aligombea ugavana kwa tiketi ya Free Soil, chama kilichopinga utumwa kuenea, akashindwa. Akakubali kuwa mkuu wa kwanza wa chuo kipya cha Antioch, huko Yellow Springs, Ohio. Wanawake walisoma masomo yale yale na wanaume. Mpwa wake, Rebecca Pennell, alifundisha akiwa na hadhi sawa na maprofesa wanaume, jambo geni kabisa wakati ule. Wanafunzi weusi walipokuja, safari hii Mann aliwapokea bila kurudi nyuma, ingawa wapo waliokasirika.

Fedha ndizo zilizomshinda. Chuo kilifunguliwa kwa ahadi nyingi na akiba ndogo, na mwaka 1859 kikauzwa kwa sababu ya madeni, kikanunuliwa tena na marafiki zake. Katika hotuba yake ya mwisho kwa wahitimu aliwasihi wasiondoke duniani kabla ya kuwafanyia binadamu wenzao jambo la maana. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Agosti 1859, alifariki akiwa na miaka 63. Alizikwa Providence, karibu na Charlotte.

Kilichobaki

Wakati Mann anaondoka ofisini, fedha za shule za umma Massachusetts zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili, na shule za sekondari za umma zipatazo 50 zilikuwa zimefunguliwa. Mwaka 1852 jimbo hilo likawa la kwanza Marekani kulazimisha watoto kwenda shule. Jimbo la mwisho kufanya hivyo, Mississippi, lilifuata mwaka 1918. Vyuo vya Lexington na Bridgewater vimekua kuwa vyuo vikuu, cha Lexington kikiwa kimehamia Framingham.

Mawazo yake yalivuka pia mipaka. Mwaka 1847 alitembelewa na Domingo Faustino Sarmiento, mwandishi wa Argentina aliyekuwa uhamishoni. Mary ndiye aliyewatafsiria. Sarmiento alipokuwa rais wa Argentina, kuanzia 1868, alijenga vyuo vya ualimu na kuwaleta makumi ya walimu wanawake kutoka Marekani. Mary Mann, akiwa mjane, alimsaidia kuwatafuta.

Kwa upande wetu, tunabaki na mambo mawili ya kupima. La kwanza ni hoja ambayo bado haijapata jibu zuri kutoka kwa wapinzani wake: shule ya umma huporomoka pale wenye sauti wanapowaondoa watoto wao, na haiinuki mpaka warudi au mpaka wengine wapate sauti. La pili ni funzo alilotuachia bila kukusudia. Unapojenga kitu cha wote, angalia ni nani anayeambiwa asubiri kidogo. Wazazi wa Smith School walijua jibu mapema kuliko katibu wa bodi, na walikuwa wameliandika kwenye barua zao.

Wewe unaonaje? Mtaani kwako, wenye sauti wanasomesha wapi watoto wao? Tutaendelea na mjadala huu hewani, na maoni yako yatasomwa.